Walinitoza kusafisha diski, picha za wanangu zikabaki humo humo

Kama unataka kuuza kompyuta yako na duka la mafundi likakuambia "tunafuta kila kitu", waulize wanafuta vipi. Mimi niliuliza. Nilimweleza fundi pale Kariakoo vizuri kabisa: Windows ibaki, mafaili yangu yaondoke, na nafasi iliyobaki wazi ijazwe sifuri. Akaitikia, akapokea hela, akaandika kwenye risiti "kusafisha diski".

Nyumbani nikaipitisha PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, ambayo mnunuzi yeyote angeweza kuipakua. Vikaanza kumiminika: picha za wanangu, hati ya kiwanja niliyoiskani, slipu za mshahara. Kumbe alichofanya ni kufuta mafaili na kumwaga pipa la taka, basi! Ukifuta hivyo, mfumo unasahau tu faili lilikuwa wapi. Data yenyewe imekaa palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Fundi wa kulipwa halijui hilo? Analijua.

Niliporudi kumwonyesha, hakuangalia hata skrini. "Dada, kwani una siri gani humo?" Mbele ya wateja. Wenzake wakacheka.

Siri gani! Hati ya kiwanja changu nimgawie nani? Sura za watoto wangu zikae kwa mtu nisiyemjua? Nadai kazi niliyolipia, nageuzwa mtuhumiwa.

Na kazi yenyewe wala haina gharama. Windows inakuja na amri ya cipher /w, ambayo huijaza nafasi tupu mara tatu: kwanza sifuri tupu, kisha moja tupu, kisha namba za kubahatisha. Mafaili yaliyopo haiyagusi. Diski yangu ni ya kuzunguka, si SSD (ile ya kasi isiyo na kinachozunguka ndani), kwa hiyo ilikwenda polepole, nikaiacha usiku kucha. Nilipoipitisha PhotoRec tena, hakuna hata picha moja ya wanangu iliyorudi.

Niwe mkweli, duka hilohilo liliwahi kunibadilishia kioo na mpaka leo hakina tatizo. Bei yao nzuri, na hawacheleweshi. Kwa kioo au kibodi ningesema nendeni tu.

Hapana, naifuta hiyo. Kubadilisha kioo unawaachia mashine ilale kwao, na mafaili yote yamo ndani. Msiende.