Kukata bima kubwa ya gari Dar: bei zilifanana, tofauti ilikuwa ndani ya hati

Bima kubwa ni ile inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe. Gari ni Toyota IST ya matumizi binafsi, thamani shilingi 14,000,000. Niliomba bei kwa kampuni mbili moja kwa moja na kwa broka mmoja, yaani mtu wa kati anayekutafutia bima kwenye kampuni mbalimbali. Kwenye bei usitegemee nafuu kubwa, kwa sababu TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, imeweka kiwango cha chini: bima kubwa ya gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani, kisha VAT, ambayo kwangu ilikuwa asilimia 18. Yaani 490,000 jumlisha 88,200, jumla 578,200. Bei mbili zilitua hapo hapo. Ya tatu ilipigwa kwa asilimia 4, ikafika 660,800, na sikuona cha ziada ilichotoa.

Ukitajiwa bei ya chini ya hapo, uliza kwanza ni thamani gani ya gari imeandikwa. Hapa ndipo watu wengi wanaumia. Wakala anashusha gari la milioni 14 hadi milioni 10, wewe unaokoa 165,200 na unafurahi. Ukipata ajali ya matengenezo ya 2,800,000, kampuni inasema umekata bima ya sehemu tu ya gari, inalipa kwa uwiano wa 10 kwa 14: shilingi 2,000,000. Hizo 800,000 zilizobaki ni zako, na eksesi, nitakayoieleza hapa chini, bado haijakatwa. Kupandisha thamani nako hakusaidii, maana gari likiisha kabisa unalipwa bei ya soko ya siku hiyo. Pitia matangazo ya magari ya aina na mwaka kama wa lako, uandike bei ya kati.

Eksesi ni ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kwenye kila dai. Karatasi ya bei haikuitaja hata kidogo. Niliikuta baada ya kuomba hati yenyewe. Kampuni moja asilimia 5 ya dai, nyingine asilimia 10, na zote zimeweka kiasi cha chini. Kwa hiyo mkwaruzo mdogo wa bampa hauna maana ya kuupeleka. Soma pia mstari wa wizi: eksesi yake huwa kubwa zaidi, hasa gari lisilo na kifaa cha kulifuatilia.

Kwa Dar, uliza vioo vya pembeni na taa. Gari zima likiibwa bima kubwa inalipa, lakini wizi wa vifaa vya nje hati nyingine zinauondoa kabisa na nyingine zinauwekea kikomo. Kioo cha mbele nacho kina kikomo chake. Na kama gari linabeba abiria wa programu ya simu hata jioni tu, sema mapema likatiwe bima ya biashara. Ukikatia binafsi, dai litakataliwa na hutakuwa na pa kusimamia.

Broka ndiye aliyenifaa zaidi. Kamisheni yake inatoka kwa kampuni, hivyo kwako bei haiongezeki, na yeye ndiye aliyenijibu kwa maandishi kuhusu gereji: nani anachagua fundi, na kama kwenye vipuri vipya unakatwa kiasi kwa uchakavu wa vile vya zamani. Kampuni moja ilijibu kwa simu tu, na jibu la simu siku ya dai halina kazi. Nyota nne kwa broka, mbili kwa hiyo kampuni.

Malipo yaende kwenye akaunti ya kampuni ya bima. Usitume kwenye namba ya simu ya wakala hata kama mnafahamiana, kwani ada isipofika kampuni huna bima. Stika ikitoka, ihakiki hapo hapo kwenye mfumo wa TIRA MIS kwa namba ya gari: angalia jina la kampuni, aina ya bima na tarehe ya kuanza na kuisha. Linganisha pia namba ya chesisi kwenye hati na ya kwenye kadi ya gari, herufi kwa herufi. Kwangu sifuri ilikuwa imeandikwa kama herufi O. Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Ikigundulika baada ya ajali, inakuwa sababu ya kukuzungusha wiki nzima wakati PF 90, yaani ripoti ya ajali ya polisi, na makadirio ya gereji viko tayari mezani.