Lenzi ya Milimita 35 au 50 kwa Kamera ya APS-C

Kwa kuwa kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) cha APS-C ni kidogo kuliko cha fremu kamili, chenye takriban milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 50 huonyesha eneo finyu, kama la milimita 75 kwenye fremu kamili (kwa Canon, 80), ilhali ya 35 hukaribia 52. Ndani ya chumba tofauti hiyo huonekana papo hapo: mwenye 50 hurudi nyuma hadi mgongo ugote ukutani, na bado watu wawili walioketi mezani hawaenei kwenye picha. Ndiyo maana kwa matumizi ya kila siku nachagua 35 bila kusita. Kwa picha za uso, hata hivyo, 50 yenye f/1.8, yaani tundu pana la kupitisha mwanga, hupendeza zaidi, kwani hufifisha mandhari ya nyuma na humruhusu mpigaji asimame mbali kidogo, pua isionekane kubwa kupita kiasi.