Mfereji wa machozi ulioziba: kupasuliwa kwa nje au kupitia puani?

Upasuaji huu hutoboa mfupa ili machozi yapate njia mpya kutoka kifuko cha machozi hadi puani. Wa nje, aliouelezea daktari Mwitaliano Toti mwaka 1904, hukata ngozi kando ya pua, sentimita 1 hadi 1.5. Wa endoskopu (kijibomba chenye kamera) hupita puani, usoni hakubaki kovu. Katika mikono mizoefu matokeo hukaribiana: takriban wagonjwa 9 kati ya 10 hupona.

Wa puani ukifeli, mara nyingi mfupa ulitobolewa kidogo mno, hasa usawa wa juu wa kifuko cha machozi, au kovu limeziba tundu. Ukuta wa kati wa pua uliopinda humbana daktari, na nyama za ndani ya pua huweza kushikana zinapopona. Ndiyo maana pua huoshwa kwa maji ya chumvi, na mgonjwa hukatazwa kupenga kamasi siku za mwanzo. Vijifereji vya kope, vinavyopeleka machozi kwenye kifuko, vikiwa ndivyo vilivyoziba, hakuna njia inayotosha kati ya hizo.