Uzoefu wangu na saa ya kuamsha kwa mtetemo

Mimi hulala usingizi wa pono. Kwa miaka mingi adhana ya alfajiri, majogoo ya jirani na alamu tatu za simu havikuniamsha, na mara nyingi nilikuta alamu zote zimezimwa kwa mkono wangu mwenyewe, jambo nisilolikumbuka hata kidogo. Kwa kuwa ninaishi Mbagala na natakiwa kuwa kazini katikati ya jiji saa moja na nusu asubuhi, nikipitiliza saa kumi na moja nimeshachelewa.

Miezi minne iliyopita nilinunua Kariakoo, kwa shilingi 70,000, saa ya mezani yenye kidude cha mviringo kinachotoshea kiganjani, kilichounganishwa nayo kwa waya wa kama mita mbili. Saa za aina hii hutumiwa sana na viziwi, kwa sababu humwamsha mtu kwa kumtikisa. Ndani ya kidude mna mota ndogo inayozungusha uzito ulioegemea upande mmoja, kama ile inayotetemesha simu, ila hii ina nguvu zaidi.

Wiki ya kwanza nilikaribia kuirudisha dukani. Nilikiweka kidude chini ya godoro kama maelekezo yalivyosema, lakini godoro langu ni la sponji la inchi 8, nayo ikaumeza mtetemo wote. Aliyeamka ni mke wangu, maana chaga za kitanda zilinguruma kana kwamba kuna mashine ya kusaga uvunguni. Nilipokihamishia ndani ya foronya, chini ya mto, nilishtuka kwa mtikisiko wa kwanza. Mke wangu bado analalamika, ingawa si kama mwanzo, na kwa haki kabisa naweza kusema kwamba saa hii inamfaa zaidi anayelala peke yake.

Kitufe cha kuahirisha ni kikubwa mno na kiko juu kabisa, hivyo mkono wangu ulikizoea upesi na ukaanza kukibonyeza nikiwa bado usingizini. Niliipandisha saa juu ya kabati, mahali ambapo waya unafika kwa shida, na sasa sina budi kusimama ili niizime. Huwa ninasimama nimelewa usingizi, hasa nikiwa nimelala baada ya saa sita usiku, na hilo silihesabu kuwa kosa la saa.

Tangu hapo nimechelewa mara mbili, na mara zote umeme ulikatika usiku. Betri yake ya akiba hutunza majira tu, haiwezi kuendesha mota, na muuzaji hakunieleza hilo hata nilipomuuliza waziwazi kuhusu umeme. Kwa siku kama hizo nimemwomba mke wangu, ambaye huamka kwa adhana, anitikise mwenyewe.