Sinkopesheni: ya mpigaji na ya mchezaji

Neno moja, kazi mbili, ndiyo maana mwalimu wa dansi na mpiga ngoma hubishana bure.

Kwa mpigaji, sinkopesheni ni kuhamisha mkazo kutoka pigo zito hadi mahali ambapo sikio halikuutegemea. Hesabu 1-na-2-na-3-na-4-na. Klave, yaani mdundo wa vijiti viwili unaoongoza muziki wa son wa Kuba, ina pande mbili: upande unaogonga mara tatu hugonga kwenye 1, kwenye "na" ya 2, kisha 4. Upande wa pili, katika hesabu nyingine ya nne, hugonga 2 na 3 tu. Ile "na" ya 2 ndiyo inayovuta kiuno. Lakini huvuta kwa sababu pigo la 3 linalofuata limeachwa wazi na bado tunalihisi. Mwanafunzi akiacha kugonga mguu chini, hupoteza pigo hilo, na mkazo uliohamishwa hugeuka kuwa pigo jipya la kawaida. Basi, utamu umekwisha.

Kwa mchezaji, mara nyingi ni kuongeza hatua tu: pigo linagawanywa mara mbili. Katika dansi ya chachacha unakanyaga 2, 3, halafu 4-na-1, yaani hatua tatu ndani ya mapigo mawili. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, hatua ya 4 na ya "na" zina robo sekunde kila moja. Ukizirefusha utachelewa kwenye 1. Zifupishe, magoti yalegee.

Kwa sikio la mwanamuziki, hiyo ya pili si sinkopesheni hata kidogo: mkazo bado uko kwenye 1. Mimi niko upande wake, ila ukumbini huwezi kushinda.