Masomo sita ya Sauli, Daudi na Sulemani: kinunuliwe, ila somo la pili lirekebishwe

Kijitabu hiki cha kurasa 48, shilingi 150, kinazunguka katika vikundi vya ushirika vya Kisumu, Manyatta hadi Nyalenda. Wanaokitumia zaidi ni viongozi wa chama, yaani kikundi cha kuweka akiba, na wa stegi za bodaboda. Kila mfalme ana masomo mawili.

Somo la kwanza ndilo lenye thamani ya pesa zote. Linaanzia 1 Samweli 8: wazee wanadai mfalme kama mataifa mengine, na Samweli anawasomea bei yake. Wana wenu watakwenda kwenye magari ya vita, mashamba mazuri yatachukuliwa, na nafaka itatozwa sehemu ya kumi. Kisha linauliza: kati ya haya, mwenyekiti wenu ameshachukua lipi? Litengeeni dakika 40, hata nyimbo zikipungua.

Somo la pili limekosea. Linadai Sauli alipoteza ufalme kwa sababu ya wivu wake kwa Daudi. Sauli anakataliwa katika sura ya 13 na tena ya 15, na Daudi hatajwi kwa jina mpaka ya 16. Kule Gilgali alingoja siku saba, jeshi likawa linamtoroka, akaamua kutoa sadaka mwenyewe; alipomaliza tu, Samweli akafika. Katika sura ya 15 aliagizwa asibakize kitu, akambakiza Agagi, mfalme wa Waamaleki, na mifugo iliyonona. Tena alikuwa amepitia Karmeli kujisimamishia mnara. Waambieni wanakikundi wafungue mstari wa 15, 21 na 24, wapigie mstari neno "watu". Watu ndio waliobakiza kondoo, watu ndio waliochukua nyara, na mwisho: niliwaogopa watu. Kila mweka hazina aliyewahi kusema "wanachama ndio walioamua" atajikuta hapo. Hata baada ya kukiri, mstari wa 30, anachoomba Sauli ni aheshimiwe mbele ya wazee.

Somo la tatu, pango la Engedi ambamo Daudi alikataa kumuua Sauli, ni zuri na halina tatizo.

La nne linaeleza vyema jinsi Uria, mume wa Bathsheba, alivyobeba kwa mkono wake barua ya kumuua, kisha linaishia kwenye toba ya Daudi mbele ya Nathani, na watu wanarudi nyumbani wamefarijika mapema mno. Ongezeni 2 Samweli 13. Amnoni, mwana wa Daudi, anamnajisi Tamari, dada yake kwa baba, Daudi anakasirika sana, na adhabu haionekani popote. Absalomu, kaka yake Tamari, ananyamaza miaka miwili mizima, kisha anawaamuru watumishi wake wamuue Amnoni. Kiongozi anayekasirika bila kuchukua hatua anahitaji somo lake peke yake.

Kwa Sulemani, someni kwanza Kumbukumbu la Torati 17:16-17, penye marufuku ya mfalme kujiongezea farasi, wake, fedha na dhahabu. Bila hiyo, 1 Wafalme 10 husomeka kama sifa tupu. Kijitabu kinamlaumu kwa kujenga hekalu miaka 7 na nyumba yake miaka 13. Hoja hiyo ni dhaifu. Hekalu lilikuwa dhiraa 60 kwa 20, na Nyumba ya Msitu wa Lebanoni, jengo moja tu kati ya yale ya mfalme, dhiraa 100 kwa 50. Kazi kubwa huchukua muda. Jambo lenye uzito zaidi ni shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa: watu 30,000, zamu za 10,000, mwezi mmoja Lebanoni na miwili nyumbani. Deni hilo lilimwangukia mwanawe Rehoboamu kule Shekemu, watu walipoomba mzigo upunguzwe; akakataa, akamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa yenyewe, akapigwa mawe hadi kufa. Kijitabu kimempa Rehoboamu nusu ukurasa. Mpeni jioni nzima, hata masomo yawe saba.

Nakala moja inatosha watu wawili, mradi kila mtu aje na Biblia yake. Pini za katikati huachia mapema. Shoneni kwa uzi kabla ya somo la tatu.