Ligi ya MYSA, Mathare: Tathmini ya Mzazi Anayesimama Kandoni mwa Uwanja

Binti yangu ana miaka 11, na huu ni msimu wake wa pili kuchezea timu ya mtaa katika ligi ya Mathare Youth Sports Association, chama cha michezo cha vijana wa mtaa wa mabanda wa Mathare, ambacho sote hapa Nairobi tunakiita MYSA. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaosita kumpeleka mtoto huko, na niseme mapema kwamba kilichonivuta mimi ni jedwali lao la pointi.

Timu ikishinda mechi hupata pointi tatu, kama ilivyo katika ligi nyingine yoyote, lakini ikikamilisha zoezi la usafi katika mtaa wake hupata sita. Maana yake ni kwamba timu yenye wafungaji hodari inayoukwepa mtaro inaweza kumaliza msimu ikiwa chini ya timu ya kawaida iliyoshika reki kila ilipohitajika. Jumamosi moja niliwatazama wasichana wa timu yetu wakizibua mtaro ulioziba nyuma ya vibanda vya mboga. Walitoa chupa, vitambaa vilivyooza, na gunia lililojaa tope, zito kiasi kwamba liliwashinda wawili hadi wakaongezeka wengine wawili. Mama mmoja muuza sukuma wiki aliwatazama kwa muda, kisha akaingia ndani na kurudi na jembe lake. Maji yalipoanza kutembea, walishangilia kama waliofunga bao.

Utaratibu huu una historia ndefu. Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akishughulikia masuala ya mazingira, aliwakuta watoto wa Mathare wakicheza kwa mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, na kutokana na hapo ligi ikaanzishwa. Taka zilikuwa hazizolewi, na mitaro iliyoziba ilikuwa ikiwaletea watoto magonjwa, hivyo mpira na usafi vikafungwa pamoja. Mwaka 1992 kazi hiyo ilipata tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1994 ikazaliwa Mathare United, klabu iliyotwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na ubingwa wa Kenya mwaka 2008, na ambayo Dennis Oliech, mshambuliaji maarufu wa timu ya taifa ya Kenya, aliichezea kabla ya kwenda ng'ambo.

Jengo la kituo cha soka na elimu kwa vijana lilikuja baadaye sana. Mathare ilichaguliwa kuwa miongoni mwa maeneo 20 ya Afrika ya kujengewa vituo katika kampeni ya FIFA iliyoambatana na Kombe la Dunia la 2010, na kufikia wakati huo vijana wa hapa walikuwa wamekwisha kuendesha ligi yao kwa zaidi ya miaka 20 katika viwanja vya vumbi. Kwa maoni yangu ndiyo sababu watu wa hapa hawakioni kituo hicho kuwa zawadi ya mgeni.

Jambo jingine ninalolipenda ni kadi ya kijani, ambayo refa humwonyesha mchezaji aliyecheza kwa uungwana kuliko wote. Binti yangu aliipata alipokiri kwamba mpira ulimgusa yeye mwisho kabla ya kutoka, na nyumbani aliisimulia kadi hiyo siku nyingi kuliko bao lake la kwanza.

Kinachonisikitisha ni ardhi. Uwanja wa umma tunaoutumia mara nyingi hauna nyasi, mvua za Aprili huugeuza kuwa dimbwi, na kila mwaka vibanda vinasogea; sasa anayepiga kona upande wa barabara hana nafasi ya kurudi nyuma hata hatua mbili. Vijana wanaweza kuzibua mitaro yote ya Mathare, lakini hawawezi kujiandikia hatimiliki, na wenye mamlaka hiyo wanapaswa kuilinda mipaka ya viwanja hivi kabla havijaisha.

Msimu ujao nitamleta na mdogo wake wa miaka 8. Nimeshamnunulia gambuti, viatu vya kuchezea mpira vitafuata mwisho wa mwezi.